Vilima vya Surrey kwa gari linalobusu lami

BILA shaka unayajua vyema matuta ya barabarani. Ukiwa ndani ya matatu, dereva hukanyaga breki, abiria wa kiti cha nyuma hurushwa juu akakaribia kugonga paa, kisha safari huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Tuta ni kero ndogo, na mtu hulisahau kabla ya kufika kituo kinachofuata.

Sasa jitie ndani ya gari jingine kabisa. Halina paa. Halina milango ya kutajika. Umekaa karibu na ardhi kiasi kwamba ukining'iniza mkono nje unaweza kuigusa lami kwa vidole vyako. Chini ya injini pamebaki nafasi ya sentimita 10 hivi, yaani hata nusu shubiri haitimii. Tuta lile lile ulilokuwa ukilidharau sasa limekuwa mlima, na ukiliendea vibaya linaweza kukuulia injini mchana kweupe.

Gari la namna hiyo ndilo nitakalokupandisha leo tuvizuru vilima vya Surrey, kusini mwa jiji la London. Huko ndiko liliko chimbuko la mengi ya magari haya, na ukilipanda huko utaijua barabara kwa namna ambayo mwenye gari refu hataijua kamwe.

GARI LA KUJIUNDIA

Kwanza tulifahamu gari lenyewe. Mwaka 1957, mhandisi mmoja Mwingereza, Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alitoa gari dogo la michezo lililoitwa Seven. Lilikuwa na viti viwili, taa mbili zilizotokeza mbele kama macho ya chura, na bodi nyembamba ya bati la alumini. Wakati huo serikali ya Uingereza ilitoza kodi nzito ya ununuzi kwa gari lililokamilika, lakini vipande vya gari havikutozwa. Kwa hivyo Chapman aliwauzia watu vipande. Mteja alipelekewa masanduku nyumbani, akajifungia gerejini kwake na spana zake, na baada ya majuma kadhaa akatoka akiendesha gari aliloliunda mwenyewe.

Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1973 ilipoletwa kodi ya VAT, na mwaka huo huo Lotus wakaachana na Seven. Lakini halikufa. Graham Nearn, aliyekuwa akiyauza magari hayo katika mji mdogo wa Caterham, alinunua haki za kuliunda, na tangu hapo likaitwa Caterham. Siku hizi huundwa Dartford, katika jimbo la Kent, na tangu mwaka 2021 kampuni hiyo ni mali ya Wajapani. Hata hivyo, mpaka leo mtu akitaka huuziwa vipande akajiundie nyumbani. Viwanda vingine navyo viliiga, na magari ya sampuli hii yakazagaa Uingereza nzima.

Kwa nini yawe mafupi hivyo? Jibu ni rahisi. Chukua ndoo ya maji uiweke kichwani, halafu upige kona ukikimbia. Kisha ishike ndoo hiyo hiyo mkononi, ikining'inia karibu na goti, ukimbie tena. Uzito uliokaa chini haupepesuki. Gari hili halifikii hata nusu ya uzito wa magari mengi ya familia, na uzito wake wote umelala karibu na lami. Ndiyo sababu hukata kona kama panya anayeingia shimoni.

Ila kila tamu ina gharama yake. Kitu kilicho chini kuliko vyote katika gari hili, aghalabu, ni sampu, ile bakuli inayohifadhi oili ya injini. Katika gari la kawaida sampu imejificha juu, mbali na hatari. Hapa iko mbele kabisa ya mapambano. Ikipasuka, oili humwagika. Oili ikimwagika, vyuma vya injini husagana vikiwa vikavu. Na vikisagana hivyo, hata dakika chache ni nyingi mno.

KUTOKA CATERHAM

Ukiwa London, panda treni katika stesheni ya London Bridge, na kabla ya saa moja kwisha utakuwa umeshuka Caterham, mwisho wa reli. Mji huu umegawanyika sehemu mbili: mmoja umelala bondeni, kwenye stesheni na maduka, na mwingine umekaa juu ya kilima. Hapa ndipo Graham Nearn alipokuwa na duka lake. Usitarajie mnara wala sanamu. Ni mji wa kawaida wa wafanyakazi waendao London asubuhi na kurudi jioni.

Kama unayo leseni halali ya Kenya na umekwenda kwa matembezi, sheria ya Uingereza inakuruhusu kuendesha gari dogo kwa muda usiozidi miezi 12. Wenzetu nao hupita upande wa kushoto, kwa hivyo hutajikuta umechanganyikiwa. Magari haya pia hukodishwa kwa siku moja au mbili, ingawa vijana wa chuo wajue mapema kwamba kampuni za bima hazipendi sana kumkatia bima dereva mchanga wa gari la michezo.

Haya, tuingie. Kuingia kwenyewe ni kazi. Unasimama juu ya kiti, unashika fremu, halafu unajitumbukiza miguu mbele kama mtu avaaye suruali inayombana. Ukiinua macho, tairi la lori lililosimama kando yako linakutazama usoni.

Kabla hujatoka mjini utakutana na tuta la kwanza. Kanuni za Uingereza za mwaka 1999 zinasema kwamba tuta lisipungue milimita 25 wala lisizidi milimita 100 kwenda juu, na mengi huachwa kwenye milimita 75. Sasa piga hesabu. Gari lako lina sentimita 10 chini ya sampu. Ukipanda wewe na mwenzako springi hubonyea, sentimita moja au zaidi ikapotea. Tuta lina sentimita saba na nusu. Nafasi iliyobaki ni unene wa kidole.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Ubaya wa tuta haumo katika urefu wa kwenda juu peke yake, bali pia katika upana wake. Kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, gari hili lina kama mita mbili na robo. Tuta pana, kama lile la mita 3.7 ambalo watafiti wa Uingereza walilibuni katika miaka ya 1970, hukupokea mzima mzima: matairi yote manne yanakuwa juu yake kwa wakati mmoja, na tumbo la gari linainuka pamoja nayo. Lakini tuta jembamba la chini ya mita moja huachwa katikati. Matairi ya mbele yameshashuka, ya nyuma hayajapanda, na tuta limesimama wima chini ya sampu yako. Tuta pana ni rafiki mwenye sura mbaya. Tuta jembamba ndilo adui.

Utalivukaje? Funga breki mapema, ukiwa bado mbali, kisha uachie breki kabla tairi halijagusa. Dereva anayebana breki akiwa juu ya tuta huinamisha pua ya gari wakati ule ule anapohitaji iinuke. Kama barabara ni tupu mbele na nyuma, liendee tuta kwa mshazari, tairi moja moja. Tairi moja likipanda, gari huinuka kwa upande huo, na sampu hupita ikiwa imeinuliwa. Lakini usiingie upande wa wenzako bila kutazama kioo. Ni heri ukwaruze chuma kuliko ugonge mwendesha baiskeli.

Utakutana pia na vijituta vya mraba vilivyopangwa katikati ya barabara kama mito ya kulalia. Viliwekwa ili basi na ambulansi, ambazo ni pana, zipite zikiviacha katikati ya magurudumu. Mwenye gari dogo huviona akafurahi, akadhani naye atavipitia katikati. La hasha! Gari lake ni jembamba, matairi hukwea kingoni tu, na kilele cha tuta kikaelekea moja kwa moja tumboni. Dawa yake ni kusogea kando: tairi moja juu ya tuta, jingine kwenye lami tambarare.

BARABARA YA A25

Kutoka Caterham, shuka hadi Godstone, kisha ushike barabara ya A25 kuelekea magharibi. Hii ni barabara ya zamani inayofuata miguu ya vilima vya chokaa viitwavyo North Downs. Utapita Bletchingley wenye barabara pana ya sokoni na nyumba za kale, halafu Redhill, halafu Reigate, hadi ufike Dorking. Mwenye haraka angechukua barabara kuu ya M25 iliyo karibu, lakini huko utajiona kama kuku katikati ya ndovu. Malori hupita magurudumu yao yakiwa usawa wa sikio lako.

Kwenye A25 utagundua jambo jingine. Watu wanakupungia mkono. Watoto wanawavuta mama zao vidole. Mzee anasimama na mbwa wake. Gari dogo lisilo na madirisha haliwezi kumficha mtu, na mtu asiyejificha husalimiwa. Harufu ya majani yaliyokatwa, ya mkate, ya mvua iliyo njiani, zote zitakufikia puani. Isitoshe, utaisoma barabara kama kitabu: kiraka hiki cha lami kimebonyea, mfuniko ule wa mtaro umechomoza, shimo lile limejaa maji na kina chake hakijulikani. Shimo lenye maji, wewe likwepe.

Karibu na Dorking kuna kilima kiitwacho Box Hill, kilichopewa jina kutokana na miti ya boksi inayoota pale. Kimo chake ni mita 224. Kwa Mkenya aliyewahi kukanyaga vilima vya Ngong, vyenye zaidi ya mita 2,400, hiki ni kichuguu tu. Lakini kutoka kileleni utaliona bonde lote la kusini lililojaa mashamba na miti, na siku ya anga safi utaona hadi vilima vya pili vilivyo karibu na bahari. Barabara ya kupandia imejikunja kunja kama nyoka. Mwaka 2012, katika michezo ya Olimpiki, waendesha baiskeli wanaume walikizunguka kilima hiki mara tisa, na wanawake mara mbili. Tangu hapo Jumapili pamejaa baiskeli, kwa hivyo panda taratibu uwaheshimu wenye kuhema.

NJIA ZILIZOZAMA

Upande wa kusini wa Dorking ndiko kwenye mtihani wenyewe. Huko kuna Leith Hill, kilima kirefu kuliko vyote katika Surrey, mita 294. Juu yake umesimama mnara uliojengwa mnamo 1765 na bwana mmoja aliyeitwa Richard Hull, ambaye alizikwa papo hapo chini yake. Vijia vya kwendea huko vimezama ardhini. Kwa karne nyingi miguu ya watu, magurudumu ya mikokoteni na maji ya mvua vimekula mwamba wa mchanga hata njia ikawa handaki, kuta za udongo kulia na kushoto, mizizi ya miti ikining'inia, na matawi yamefungana juu kama dari. Ni mahali pazuri mno. Pia ni mahali ambapo gari fupi hukutana na kifo chake.

Mzee mmoja wa Dorking, fundi mstaafu, ndiye aliyenipitisha huko. Gari lake alilijenga na binti yake gerejini kwao, majira mazima ya baridi, binti akiwa bado shule ya sekondari. Akiba ya nyumba ilikuwa imekwisha humo. Majira ya joto ya kwanza wakalipeleka Leith Hill, wakaingia njia ya shambani. Matrekta yalikuwa yamechimba mifereji miwili, na katikati yake pamebaki mgongo wa majani. Ndani ya majani hayo mlikuwa na jiwe.

Kishindo kilikuwa kimoja tu. Mzee alitaka kuendelea hadi mahali pa kugeuzia, mita 200 mbele. Binti alikuwa akitazama geji ya presha ya oili, na aliuona mshale wake ukishuka. Akapaza sauti: zima! Baba akazima. Walipogeuka nyuma waliona mstari mweusi wa oili kutoka kwenye jiwe hadi walipokuwa. Gari lilivutwa kwa kamba hadi nyumbani. Sampu ilibidi inunuliwe nyingine, lakini injini ilipona. Laiti wangekwenda zile mita 200, mzee aliniambia, leo lingekuwa pambo la kufugia kuku.

Siku yetu, tulipofika mahali penye mifereji, mzee alisimama. Niliombwa nishuke. Kilo zangu zilipoondoka gari liliinuka, nikaliona kwa macho. Kisha akaweka matairi ya upande mmoja juu ya ule mgongo wa majani, na ya upande wa pili ukingoni, akapita polepole nami nikitembea mbele nikifunua majani kwa fimbo. Wapita njia walitucheka. Mzee hakujali, kwani mwenda pole hajikwai.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Kwa wale wanaopenda mambo ya ufundi, haya ndiyo niliyoyaona katika gereji yake.

Alipima nafasi ya chini gari likiwa limebeba. Watu wawili waliketi, tangi likajazwa petroli, kisha akasukuma chini ya sampu vipande vya ubao vya unene tofauti, kwenye sakafu iliyo sawa. Kipande cha mwisho kilichopita bila kukwama ndicho kipimo chake. Gari tupu hudanganya.

Baadaye aliinua springi. Katika magari mengi ya aina hii springi hukalia kikombe chenye nyuzi kama za skrubu. Ukikizungusha kwa spana yake maalum, gari hupanda. Yeye alipandisha sentimita moja na nusu tu, magurudumu yote manne. Zaidi ya hapo gari hupoteza ule utulivu wa kona uliomfanya mtu alipende, na baada ya kazi hiyo lazima magurudumu yapimwe upya yasije yakala matairi upande mmoja.

Mwisho alifunga bamba la chuma chini ya sampu. Bamba nalo hula milimita chache za nafasi ile ile unayoitafuta, lakini linapogonga jiwe huteleza juu yake, badala ya kupasuka kama sampu ya alumini.

Mwenzetu wa Nairobi huenda akacheka: si tungempeleka kwa fundi wa Kirinyaga Road akafungiwa spesa, mambo yakaisha? Sisi tuliolelewa na Safari Rally, ambayo ilianza mwaka 1953, tumezoea kuona gari likiinuliwa lipambane na njia. Hawa wenzetu wanaliacha chini, na badala yake wanamfunza dereva. Kila mmoja ana barabara zake na sababu zake.

TUTA LA BROOKLANDS

Malizia safari Weybridge, mwendo mfupi kaskazini ya Dorking, katika jumba la makumbusho la Brooklands. Hapa mwaka 1907 ulifunguliwa uwanja wa kwanza duniani uliojengwa mahsusi kwa mbio za magari. Ulikuwa wa saruji, na kona zake zilinyanyuliwa hadi karibu mita tisa kwenda juu ili magari yasiruke nje. Vita vilipoanza mwaka 1939 mbio zilikoma na mahali hapo pakaachiwa kazi ya kuunda ndege. Kipande cha ukuta ule wa saruji kingalipo, na unaweza kupanda kwa miguu ukajionea mwinuko wake.

Saruji ile ilititia kadiri miaka ilivyopita, na pale uwanja ulipovuka mto Wey pakatokea tuta. John Cobb, aliyeweka rekodi ya mzunguko mwaka 1935 kwa kasi ya zaidi ya kilomita 230 kwa saa, alipofika hapo gari lake lilikuwa likiruka hewani, magurudumu yote manne yakiacha ardhi. Gari hilo, Napier-Railton, limehifadhiwa humo humo. Litazame uone ukubwa wake, halafu urudi nje ulitazame lako.

Msomaji wangu, ni rahisi kutoka katika safari kama hii ukiwa unayachukia matuta. Usiyachukie. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1996 ulionyesha kwamba katika mitaa iliyowekewa kikomo cha maili 20 kwa saa, pamoja na matuta na vizuizi vyake, ajali zilipungua kwa karibu asilimia 60, na waliookolewa zaidi walikuwa watoto. Tuta moja mbele ya shule lina thamani kuliko sampu zote za Surrey.

Linalofaa kulalamikiwa, kule na huku kwetu, ni tuta jembamba na refu lililomwagwa usiku bila kipimo, bila rangi na bila kibao. Hilo halimfunzi dereva kupunguza mwendo, linamvizia. Nawe siku utakapolikuta, uwe ndani ya gari fupi au la babako la kwendea kanisani, achia breki kabla ya kupanda, lipite kwa mshazari kama njia ni tupu, na ukisikia kishindo tazama geji ya oili kabla hujasonga hata hatua moja.